Mwili Ukikataa Kazi Kabla ya Wakati



Safari hii tunafundisha juu ya jambo ambalo watu wa Kasongo na Kabambare hawapendi kulitaja mpaka limekwisha kuingia nyumbani. Kuna kuacha kazi kwa sababu ya uzee. Hilo halishangazi mtu. Mzee amelima miaka yake, au amefundisha, au ametumikia kompani. Mvi zimejaa, wajukuu wanamtekea maji ya kuoga. Watu wa mjini huita retrete. Lakini kuna kuacha kazi kwa namna nyingine. Mtu ana miaka 40 tu, au 45, watoto wake wangali shuleni, deni la mahari ya mwanawe halijaisha, na mwili wenyewe unakataa. Huyu hakuiomba retrete. Imemkamata njiani.

Katika nchi yetu karibu kazi zote ni za mwili. Anayelima mpunga huinama kutwa. Anayepanda mchikichi kukata ngazi hutumainia mikono na miguu yake. Anayesukuma baiskeli yenye magunia na madumu ya mawese hutumainia mgongo. Anayechimba dhahabu upande wa Namoya hutumainia kifua. Mama hubeba kuni, maji, mihogo na mtoto kwa pamoja. Hata mwalimu husimama mbele ya ubao tangu asubuhi. Kwa hiyo ugonjwa ukigusa mkono wa mtu mmoja, umegusa chakula cha watu kumi.

Basi shikeni neno hili kwanza. Usikubali kwamba kazi yako imekwisha kabla hujajua ni ugonjwa gani uliokukamata. Maana kuna magonjwa yanayopona kabisa, na mtu akarudi mahali pake. Kuna mengine ambayo dawa huyasimamisha tu, lakini kile kilichoharibika hakirudi. Tena kuna yale yatakayokaa na mtu maisha yake yote. Jirani akitazama, yote matatu ni mamoja: "Fulani amekwisha." Hospitali haitazami hivyo.

MACHO

Tuseme mwalimu wa miaka 45. Akisoma, anasogeza kitabu mbali, mwisho mkono hautoshi. Jioni kichwa kinamwuma. Watoto wanacheka kwa kuwa anaruka maneno. Anafikiri upofu umemjia, anaanza kusema na mkewe habari ya kuacha shule. Ndugu, huyu si mgonjwa. Kila mtu afikapo umri huo, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, nayo haiwezi tena kuona vizuri kitu cha karibu. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Ni jambo la kusikitisha kuona mwalimu mwenye ujuzi wa miaka 20 akirudi kulima kwa kukosa vioo viwili.

Mwingine anaona ukungu unaoongezeka mwaka kwa mwaka, na mboni ya jicho imekuwa nyeupe kama maziwa. Huo ni mtoto wa jicho. Munganga wa macho huutoa kwa operesheni, akaweka lenzi ndogo ya kutengenezwa mahali pake, na mtu akaona. Wako wazee wanaoongozwa kwa fimbo na mjukuu, na mjukuu huyo hakwenda shule kwa ajili hiyo, kumbe ni mtoto wa jicho tu. Hapo watu wawili wamepoteza kazi zao.

Lakini kuna upofu wa tatu, na huo ni wa kuogopa. Ni upofu wa mtoni. Inzi wadogo weusi huzaliana katika maji yaendayo kasi, penye mawe na maporomoko. Wakimwuma mtu, huingiza vijidudu vya minyoo. Minyoo mikubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi. Watoto wao hutembea mwilini kwa wingi sana, wakiwasha ngozi usiku na mchana, hata wanaingia machoni. Ngozi ya miguu hupata madoa kama ya chui. Dawa yake ni ivermektini, ambayo kampuni ya Merck imeitoa bure tangu mwaka 1987, nayo hugawiwa vijijini kwa kupima urefu wa mtu kwa fimbo. Dawa hii huua watoto wa minyoo. Haiwezi kurudisha jicho lililokwisha kuharibika. Kwa hiyo yule anayewakimbia wagawaji wa vidonge akisema, "Mimi sina kitu, naona vizuri," ndiye hasa anayetafutwa, maana bado ana macho ya kuokoa.

MKONO USIOSIKIA MOTO

Kuna mpishi anayeshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, na watu wanamsifu kuwa ni hodari. Msimsifu. Mwambieni aje apimwe. Mkono usiosikia moto huenda ni mkono wenye ukoma.

Ukoma huanza polepole sana. Doa moja tu mwilini, limepauka au lina wekundu kidogo, haliwashi wala haliumi. Ukiligusa kwa unyoya wa kuku, mtu hasikii. Baadaye mishipa ya fahamu huvimba, kiwiko kinauma, vidole viwili vya mwisho vinaanza kukunjika, jembe linamponyoka. Mguu unapata kidonda bila mtu kujua alikanyaga nini. Hapo ndipo wengi hujificha. Wanavaa mikono mirefu, wanakataa kusalimiana, wanajitahidi kufanya kazi ile ile ili mtu asijue. Wanafikiri wanailinda kazi yao. Kumbe kila mwezi wa kujificha unakula mkono wenyewe.

Sikilizeni sana. Dawa za ukoma za siku hizi, zinazochanganywa pamoja, zimetumika tangu miaka ya 1980. Hutolewa bure. Mgonjwa huzimeza miezi 6 au miezi 12 kufuata namna ya ugonjwa wake, naye baada ya kuanza dawa haambukizi tena nyumba yake. Tena ganzi ikiwa ni mpya, haijapita miezi 6, munganga ana dawa ya kutuliza mishipa ile, na mara nyingi mkono hurudi kusikia. Ikiwa ni ya miaka mingi, ukoma utapona lakini vidole vitabaki vilivyo. Tofauti ya mtu anayerudi kwenye randa yake ya useremala na mtu asiyerudi ni hiyo miezi michache.

YULE ANAYEITWA MVIVU

Katika magonjwa yote yanayomwondoa mtu kazini, mimi namhurumia zaidi mwenye malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Wengine huondoka na huruma ya watu. Huyu huondoka na matukano.

Maniema ni nchi ya malale tangu zamani. Mdudu wake huletwa na tsetse, inzi mkubwa anayekaa kwenye vivuli vya kando ya mito, pale watu wanapoteka maji, wanapovua na kupakia mitumbwi. Miezi ya kwanza mtu ana homa inayokuja na kuondoka, kichwa kinauma, mwili unawasha, matezi yanavimba nyuma ya shingo. Anameza dawa ya malaria, anapata nafuu kidogo, anaendelea. Ugonjwa unaweza kukaa hivyo miezi mingi, hata miaka. Ndipo unaingia kwenye ubongo. Sasa mtu analala mchana juu ya meza ya kazi, na usiku anazunguka nyumba macho wazi. Aliyekuwa mpole anagombana na kapita wake. Anasahau hesabu. Anacheka msibani. Anaacha kuoga. Mkubwa wa kazi anaandika: mvivu, mlevi, hana heshima. Mke anarudi kwao. Kijiji kinasema amepagawa. Akifukuzwa kwa sababu hizo, hapati hata jina la mgonjwa.

Basi, mkiona mtu aliyekuwa na tabia njema amegeuka hivyo, msianze na baraza la kumhukumu. Mleteni hospitali apimwe damu. Wengi wanaogopa sindano ya mgongo, na ile dawa ya zamani yenye arseniki iliyokuwa ikichoma mishipa na kuua baadhi ya wagonjwa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini tangu mwaka 2018 kuna vidonge vinavyoitwa feksinidazoli, ambavyo wanganga wa Kongo walishiriki sana kuvijaribu. Huliwa siku 10, pamoja na chakula, si juu ya tumbo tupu. Na kwa wagonjwa wengi sindano ya mgongo si lazima tena. Mtu aliyefika mapema huamka kweli kweli. Kama bwana wa kazi alimwondoa kwa uvivu, karatasi ya hospitali ndiyo itakayomtetea.

Kuna mengine nitakayotaja kwa haraka. Ngiri, ambayo wanaume huifunga kwa kitambaa na kuificha miaka, hupona kwa operesheni, na mtu huweza kubeba mzigo tena baada ya kupumzika muda anaoagizwa. Presha haina dalili mpaka siku inapompiga mtu upande mmoja; anayeijua presha yake na kumeza kidonge kila siku anaweza kufanya kazi mpaka uzee. Vumbi la mawe ni jambo jingine. Dhahabu ya Namoya hukaa ndani ya mawe meupe magumu, na anayeyaponda makavu huvuta vumbi linaloingia kifuani lisitoke tena. Hakuna dawa ya kulitoa. Tena kifua chenye vumbi hilo hushikwa upesi na kifua kikuu. Kifua kikuu tunakiponya kwa miezi 6, bure, vumbi hatuliponyi. Lowesheni mawe kwa maji kabla ya kuyaponda, na aliyekwisha kushikwa pumzi aache kabisa kazi ya vumbi, hata kama anaweza bado kidogo.

Na habari ya kulogwa? Nimekwisha kusikia kila namna ya maelezo: shemeji, mke mkubwa, mwenzake aliyetaka nafasi yake ya kazi. Sitabishana hapa. Nasema hili tu: miezi inayotumika kutafuta aliyeloga ndiyo ile ile ambayo mkono ungeweza kuokolewa.

MAKARATASI

Je, bwana wa kazi aweza kunifukuza kwa kuwa mimi ni mgonjwa?

Si siku hiyo. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Kwa sheria hiyo, ugonjwa unausimamisha mkataba, hauuvunji. Wakati mkataba umesimama, mfanyakazi ana haki ya kupata theluthi mbili za mshahara wake wa fedha. Ikipita miezi 6 mfululizo naye hawezi kazi, ndipo bwana wa kazi anaweza kumwandikia kwamba anauvunja mkataba. Na hiyo miezi 6 haimhusu mtu aliyeumia kazini, wala mwenye ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe.

Kwa hiyo usitie sahihi wala kidole juu ya barua inayosema "naacha kazi kwa hiari yangu" wakati unaacha kwa ugonjwa. Maneno hayo mawili, hiari na ugonjwa, yana bei tofauti. Kama hujui kusoma Kifaransa, omba barua ukae nayo usiku mmoja, umtafute mtu wa kukusomea. Ukiona unaonewa, yuko Mkaguzi wa Kazi wa serikali. Tena kabla ya kuondoka, uliza kama kuna kazi nyingine unayoweza: kulinda ghala, kuandika hesabu, kufundisha vijana wapya. Wakubwa wengine hawakufikiri kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Je, iko pensheni kwa mtu ambaye hajazeeka?

Iko. Sheria ya tarehe 29 Juni 1961 ilipanga akiba ya wafanyakazi wa Kongo yote, chini ya ofisi iliyoitwa INSS. Sheria mpya ya tarehe 15 Julai 2016 ikaja mahali pake, ikaanza kutumika mwaka 2018, na ofisi sasa inaitwa CNSS. Inashughulika na pensheni ya uzee, pensheni ya mtu aliyepata ulemavu akiwa bado kazini, na fungu la mjane na yatima. Iko sehemu nyingine kwa walioumia kazini na wenye magonjwa ya kazi. Mfanyakazi hukatwa 5 kwa mia ya mshahara wake, na bwana wa kazi huongeza fungu lake. Basi si sadaka. Ni fedha yako. Walimu na waganguzi wa serikali wana ofisi yao, CNSSAP, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Lakini sikilizeni: mtu hupata kufuata alivyoandikishwa na kufuata miezi iliyolipwa. Kama bwana wa kazi alikukata fedha asiipeleke, au hakukuandikisha hata kidogo, utajua siku ya ugonjwa, na siku hiyo ni mbaya ya kuanza kutembea maofisini. Ulizeni namba yenu ya CNSS mkiwa wazima. Wala msitazamie utajiri. Pensheni ya mtu aliyefanya kazi miaka michache ni ndogo, na safari ya kuifuata inaweza kula sehemu yake. Hata hivyo ni bora kuliko kutokuwa nayo.

Weka karatasi hizi pamoja: barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara, namba ya CNSS, cheti cha munganga, na kama uliumia kazini, karatasi ya kutangaza ajali, ambayo yapasa kuandikwa mara moja na si mwaka unaofuata. Zitie katika mfuko wa plastiki, ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko. Mchwa wa Maniema hawajui kusoma, lakini wanamaliza vitabu.

Wazee wa Namoya na Kalima wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. SOMINKI ilizaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini ya Kivu na Maniema, ikavunjwa mwaka 1997. Ofisi zikafungwa, vita vikapita juu yake. Kompani ikifa, kumbukumbu zake hufa nayo, na mfanyakazi ambaye kifua kilimshinda baadaye hana shahidi mwingine ila kile kilichobaki katika sanduku lake.

Iko pia sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu, inayokataza kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu wake. Sheria iliyoandikwa Kinshasa hutembea polepole mpaka kufika kwetu. Lakini anayeijua huweza kuitaja.

WASIO NA KARATASI

Najua wengi wenu mmesoma sehemu ile mkisema, "Hayo ni ya watu wa mshahara." Ni kweli. Mlimaji hana bwana wa kazi, mchimbaji wa shimo hana mkataba, mwenye baiskeli hana CNSS. Na mama! Mama hapewi barua ya retrete hata siku moja. Mgongo unamwuma, kizazi kimeshuka kwa kubeba mizigo mizito siku chache baada ya kuzaa, naye bado anaamka kabla ya jogoo. Wako wanawake walioacha soko na shamba na ibada kwa sababu mkojo unawatoka bila kujizuia tangu uzazi mgumu. Wameacha kazi zote wakiwa na miaka 20. Hiyo ni fistula, nayo hushonwa. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, aliyoianzisha Munganga Denis Mukwege mwaka 1999, imeshona wanawake wengi sana, na si huko tu wanakoshona. Mama mwenye shida hii asingoje kuulizwa. Aseme na mwuguzi wa kike pembeni.

Kwa hawa wote, pensheni ni watu na miti. Nasema miti kwa maana kamili. Mtu aliye mzima leo akipanda michikichi michache kila mwaka karibu na nyumba, siku mguu utakapokataa, kijana atapanda kukata ngazi na kugawana naye. Mpunga haumngoji mgonjwa, mchikichi humngoja. Na vyama vile vya kuwekeana akiba kila juma, visiwe vya msiba tu. Viwe pia vya ugonjwa mrefu.

MGONJWA WA KABAMBARE

Watu wa Kabambare wana mgonjwa mmoja ambaye dunia yote inamjua. David Livingstone, mhubiri na munganga, alifika huko mwezi wa Septemba 1869. Yeye aliandika Bambarre. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, alitoka kwenda kuutafuta mto Lualaba akiwa na watu watatu tu waliokubali kumfuata: Susi, Chuma na Gardner. Miguu yake yote miwili ikashikwa na vidonda vinavyokula nyama. Akarudi Kabambare mwezi wa Julai 1870, akalala hapo siku kama 80, hata mwezi wa Oktoba, hawezi kukanyaga chini. Alikuwa na miaka 57. Yeye munganga, dawa iliyomsaidia ilikuwa jiwe la kijani la shaba, likisuguliwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya.

Nasoma habari hii kwa jicho la hospitali. Vidonda vile leo huoshwa, hufungwa, mguu huinuliwa, na akija mapema hupona bila kulala miezi. Hilo ni moja. La pili, siku zile hazikuwa tupu. Alisoma, aliandika, aliwauliza watu habari za mito. Katika nchi hii ya Manyema aliimaliza Biblia yote mara nne. Miguu ilikuwa imeacha kazi, yeye bado.

La tatu ni gumu kusema, maana wahubiri wengi humtaja kama mfano wa mtu asiyekubali kushindwa. Alifika Nyangwe, karibu na Kasongo, mwezi wa Machi 1871. Akarudi Ujiji mwaka ule ule akiwa amedhoofika sana. Stanley alimsihi arudi kwao akapone kwanza. Alikataa. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, akiwa amebebwa siku nyingi kwa machela, na watoto wake huko Uingereza hawakuwa na mama tangu mwaka 1862. Namheshimu. Lakini sitamwambia baba wa watoto wanane wa Kasongo afanye vile. Yeye alikuwa na Susi na Chuma wa kumbeba. Baba huyu atabebwa na mkewe.

Neno la Mungu lenyewe halikuwaacha Walawi wabebe mpaka waanguke. Someni Hesabu sura ya 8, mwisho wake. Mlawi alipofikisha miaka 50 aliondolewa katika kazi nzito ya hema. Lakini hakufukuzwa. Alibaki na ndugu zake akiwasaidia katika ulinzi. Mzigo uliondolewa, mahali pake hapakuondolewa. Sijui kama makanisa yetu yamefika hapo. Mwinjilisti anayetembea vijiji 10 kwa miguu hulipwa kwa mchele na kuku. Siku macho yanapokufa, kunasemwa habari ya nyumba, kwamba mwingine anahitaji kuingia. Wazee wa kanisa, mtumishi wenu anayelipwa mshahara anaweza kuandikishwa CNSS kama mfanyakazi mwingine yeyote. Na asiye na mshahara, alimiwe shamba akiwa bado mzima, kwa jina lake.

NYUMBANI

Mtu aliyeachishwa na mwili huwa na msiba, ingawa hakuna aliyekufa. Wiki za kwanza watu hujaa barazani. Mwezi wa tatu hawaji. Ndipo hasira inaanza: chakula hakina chumvi, watoto wana kelele, mke amechelewa sokoni. Wengine hukimbilia lotoko. Mke asifikiri ameacha kupendwa. Ni mtu aliyezoea kuleta, sasa anapewa, na mikono haijui ikae wapi.

Msiseme habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Mahari ya binti na aulizwe yeye. Kiti chake kikae mahali pake. Aliyepigwa upande mmoja na presha, ule mkono uliolegea unyooshwe na kukunjwa kila siku, asubuhi na jioni, na aanze kusimama mapema kwa kushikwa. Miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa, na anayelazwa tu kitandani kwa huruma hukakamaa. Msimlishe kama anaweza kujilisha, hata akimwaga. Mpeni kazi ya kweli, si ya kumfurahisha: kutunza kitalu cha miche ya michikichi, kusuka mikeka, kuandika hesabu ya biashara ya mkewe, kufundisha watoto wa jirani kusoma. Asiyeona anaweza kukoboa karanga na kusimamia ghala kwa kugusa. Na mtoto wa kike asitolewe shule awe fimbo ya baba. Ndugu wa baba wagawane siku.

Ukija hospitali kwa ajili ya jambo hili, lete ule mkebe wa karatasi. Njoo na mtu mnayelala nyumba moja, maana ndiye anayejua kama unakohoa usiku na kama unalala mchana. Wala usituambie ugonjwa tu. Tuambie kazi yako: unanyanyua kilo ngapi, unatembea mbali gani, unasimama saa ngapi, unafanya nini kwa mkono wa kuume. Munganga ataandika cheti kwa kufuata hayo.